Fungua Mlango, Askari Wamefika

Mimi ni fundi cherehani. Cherehani yangu iko barazani, mbele ya mlango wa nyumba yetu. Nashona sare za shule, napunguza suruali, nabadilisha zipu. Watu huniita Baba Pacha, kwa sababu tuna mabinti wawili waliozaliwa siku moja. Wana miaka saba, na kelele zao ni za watoto kumi.

Mke wangu, Mama Pacha, anafanya kazi polisi. Lakini yeye si askari. Hana sare, hana bunduki, hana cheo. Yeye ni mtumishi raia. Anapokea simu za dharura. Mtu akivamiwa, akipata ajali, akipotelewa na mtoto, anapiga simu, na sauti ya kwanza anayoisikia ni ya mke wangu. Mke wangu anauliza, "Uko wapi? Kumetokea nini?" Anaandika majibu kwenye kompyuta, kisha askari wa doria wanaambiwa waende.

Mimi nilidhani hiyo ni kazi ya raha. Naona aibu kusema, lakini ndivyo nilivyodhani. Mtu amekaa kwenye kiti kinachozunguka, feni inampepea, anaongea na simu. Mimi huku mgongo unaniuma kwa kuinamia nguo za watu. Akirudi jioni akisema amechoka, nilikuwa namwambia, "Umechoshwa na nini, Mama Pacha? Na kuongea? Basi shangazi yako asiyefunga mdomo angeshalazwa hospitali."

Zamani alikuwa akicheka. Mwaka ninaousimulia akaacha kucheka.

Wahenga walisema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mimi nilikuwa mfano kamili wa methali hiyo.

Dalili zilikuwapo. Alianza kula akiwa ameutazama mlango. Watoto wakicheza uani, aliwaita kila baada ya dakika chache na kuwahesabu. Wako wawili tu, lakini aliwahesabu. Cherehani yangu ikilia ghafla, alishtuka na kunifokea. Usiku alijigeuzageuza hadi shuka likawa kamba. Kichwa kilimuuma kila siku, akameza dawa, akaenda kazini.

Siku moja dada yake alimpigia simu tukiwa mezani. Mke wangu akapokea na kusema, "Dharura. Uko wapi? Kumetokea nini?"

Dada yake alicheka kule. Mimi nilicheka huku. Watoto nao wakaanza kuigiza, "Dharura! Dharura!" Mke wangu aliweka simu mezani, akaenda chumbani, akafunga mlango. Nami nikamaliza kula. Hilo nalo linaniumiza nikilikumbuka.

Mengine niliyoyafikiria naona aibu kuyasema. Nilifikiri labda kazi ya serikali imempandisha mabega. Nilifikiri labda kuna mwanamume. Wivu wa fundi cherehani una muda mwingi wa kufikiri, maana mikono inashona na kichwa kinabaki bure.

Kisha ikaja ile Jumamosi.

Ilikuwa saa nane mchana. Mke wangu alikuwa zamu. Watoto walikuwa ndani, wanachora. Mimi nilikuwa nakata kitambaa cha bluu kwa mkasi mkubwa. Gari la polisi likaja mbio na kusimama mbele ya baraza. Askari wanne wakaruka chini.

"Weka chini hicho!" mmoja alinipigia kelele. "Weka chini!"

Sikuelewa anasema nini. Nilimwangalia usoni, kisha nikaangalia bunduki. Ilikuwa imeelekezwa kifuani mwangu. Ndipo nikaelewa kwamba anasema mkasi. Vidole vyangu vilikataa kufunguka. Niliutikisa mkono mpaka mkasi ukaanguka.

"Lala chini! Mwanamke yuko wapi?"

"Mwanamke gani?"

Nililala kifudifudi juu ya kitambaa cha watu. Askari wawili walinipita na kuingia ndani. Nikasikia binti zangu wanalia. Sijawahi kusikia watoto wangu wakilia vile. Majirani walikuwa wameshatoka, maana habari mbaya haihitaji mwaliko.

Sajini aliyekuwa amebaki nje akaniinamia. Namfahamu. Mke wangu alikuwa amenitambulisha kwake kituoni, nikampunguzia suruali mbili.

"Shemeji?" alisema. "Unafanya nini hapa?"

"Naishi hapa."

"Hapa?"

"Hapa, shemeji. Hii ni nyumba yangu. Hao wanaolia ni watoto wa Mama Pacha."

Sajini alinyanyuka taratibu. Akaangalia mlango, akaangalia cherehani. Redio yake ikaita. Nikasikia sauti ya mke wangu. Ilikuwa sauti ya kazini, tulivu, ya mtu nisiyemjua.

"Gari la tatu, mlisema mmefika. Mama nimemwambia afungue. Anafungua sasa. Mnamwona?"

Sajini akaisogeza redio mdomoni. "Kituo, rudia anwani."

Mke wangu akaisoma. Alisoma jina la mtaa wetu. Alisoma namba ya nyumba yetu. Akasoma na alama ya kuitambulia: "Nyumba yenye cherehani barazani."

Redio ilibaki wazi. Tulimsikia akivuta pumzi, mara moja, mara mbili. Kisha akasema kwa sauti yake ya nyumbani, "Mungu wangu. Hiyo ni kwetu."

Askari wakatoka mbio na kuingia garini. Mimi nilikwenda kuwashika watoto wangu. Tulikaa sakafuni watatu.

Jioni sajini alirudi kunieleza. Mwanamke mmoja, mwenye duka la madaftari, alikuwa amejifungia nyumbani kwake. Mume wake wa zamani alikuwa nje na kipande cha chuma, anatishia kumuua. Mwanamke akapiga simu. Alitaja anwani yake vizuri. Simu zote hurekodiwa, na kwenye rekodi mke wangu anasikika akiirudia anwani hiyo bila kosa. Lakini mikono yake iliandika nyingine. Iliandika ya kwetu.

"Sisi tukafika kwako," sajini alisema. "Tukasema kwenye redio tumefika. Yeye akamwambia yule mama, fungua mlango, askari wamefika."

"Na yule mama?"

"Alifungua. Nje alikuwapo yule mwanamume peke yake."

Nilikaa kwenye kigoda changu.

"Amekufa?"

"Hajafa. Amevunjwa mkono. Majirani walimwahi yule bwana. Sisi tulifika dakika kumi na tisa baadaye."

Mke wangu aliletwa nyumbani na gari la kazini. Alipita bila kunisalimia. Alikaa kitandani na viatu mguuni, akaangalia ukuta. Alikaa hivyo siku mbili. Nilimletea chai, ikapoa. Watoto waliogopa kumsogelea. Siku ya tatu alisema maneno matatu tu: "Mimi niliwaambia wakulenge."

"Hukuwaambia hivyo."

"Ungekufa, Baba Pacha. Kwa mkono wangu."

Nakiri kwamba sehemu yangu moja ilikuwa na hasira naye. Nilikuwa nimelala chini mbele ya mtaa mzima. Lakini nilipomwona vile, hasira ilikosa pa kukaa.

Siku hiyo hiyo sajini alikuja na mama mmoja wa makamo. Alikuwa na mkoba mkubwa na viatu vya kutembelea mbali. Zamani alikuwa muuguzi. Sasa ni mshauri nasaha pale kituoni. Kazi yake ni kuwasikiliza watu walioumizwa na mambo mazito na kuwasaidia wapone.

Mke wangu alimwangalia. "Wewe ni wa askari," alisema.

"Nani kasema?"

"Kibao. Mlangoni kwako pameandikwa Huduma kwa Askari. Nakipita kila siku, mwaka wa sita huu."

Mshauri aliweka mkoba chini polepole. Uso wake ulibadilika. Akamwangalia sajini, sajini akaangalia viatu vyake.

"Huduma yangu ni ya kila anayefanya kazi pale," alisema mshauri. "Askari, karani, mfagizi, dereva, wote. Kibao kiliandikwa kabla sijaja. Nimekaa miaka minne nikijiuliza kwa nini raia hawaji. Nikadhani nyinyi mko salama. Nisamehe, mwanangu. Kosa hilo ni langu."

Mke wangu akatikisa kichwa. "Hata kama kingesema raia, nisingekuja. Mimi naumia nini? Askari wanaona maiti. Mimi nimekaa kwenye kiti. Nasikia tu."

"Unasikia tu," mshauri alirudia. "Haya, niambie ulichokisikia. Anza popote."

Nikataka kuondoka. Mke wangu akanishika mkono. Basi nikakaa.

Alitueleza habari ya mwezi wa tatu. Mwanamume alipiga simu. Mtoto wake alikuwa ametumbukia kwenye tangi la maji. Mke wangu alimwelekeza namna ya kumtoa, kumlaza, kumpulizia pumzi mdomoni. Walihesabu pamoja. Moja, mbili, tatu. Walihesabu dakika kumi na moja. Kisha askari na gari la wagonjwa wakafika, na simu ikakatwa.

"Ndiyo utaratibu," mke wangu alisema. "Wakifika, simu si yako tena. Taa ikawaka, nikapokea nyingine. Mtu alikuwa analalamikia muziki wa jirani."

"Hukuambiwa mtoto alifanyaje?"

"Hatuambiwi."

"Ukarudi nyumbani ukafanya nini?"

"Nikahesabu watoto wangu."

Nilifunika uso kwa mikono. Mwezi wa tatu! Na mimi nilikuwa namtania kuhusu shangazi yake.

Mshauri aliongea kwa maneno mepesi, na mimi nayaandika kama nilivyoyakumbuka, kwa sababu huenda na kwako yupo mtu wa namna hii.

"Mwili haujui kama uko kwenye kiti," alisema. "Ukisikia mtu anauawa, moyo unakwenda mbio, misuli inakaza, mwili unajiandaa kupigana au kukimbia. Askari akikimbia, mwili unapata pa kutolea. Wewe unabaki umekaa, na simu nyingine inaita. Ile hofu haitoki. Inalala ndani. Kesho unaongeza nyingine juu yake. Baadaye usingizi unakimbia, kichwa kinauma, hasira inakuwa jirani, unaanza kuona hatari kila mahali, hata nyumbani kwako. Huo si udhaifu, wala si wazimu. Ni jeraha, nalo linatibika."

"Na anwani?" mke wangu aliuliza. "Kwa nini niliandika ya kwetu?"

"Kila ukisikia habari ya mtu aliye mlangoni, unaona mlango gani?"

Mke wangu aliutazama mlango. "Huu wa kwetu," alisema.

"Na ulikuwa umefanya kazi siku ngapi bila kupumzika?"

"Tisa. Mwenzangu anaumwa. Nilikuwa napokea simu, na redio naishika mimi mwenyewe."

Sajini alishtuka. "Peke yako? Siku tisa? Sisi tulidhani mko wawili."

"Mlidhani," alisema mke wangu.

Kisha mshauri akanigeukia. Nilidhani atanipongeza kwa kukaa.

"Na wewe, baba, mkeo akirudi kazini unamsikilizaje?"

"Namsikiliza vizuri. Huku nashona."

"Basi humsikilizi. Zima cherehani. Dakika kumi tu. Usimuulize siri za watu, hizo ni za kazini. Muulize yeye yukoje. Akisema amechoka, usibishane naye. Uchovu wa mtu hauna shahidi."

Nilikubali. Ningebisha vipi?

Mke wangu alianza kwenda kwa mshauri mara mbili kwa wiki. Mshauri alimtuma na hospitali, akaonwa na daktari kuhusu usingizi na kichwa. Wiki ya pili mshauri alimuuliza kama anataka kujua habari ya yule mtoto wa tangi. Alimpa siku tatu za kufikiri. Mke wangu akasema anataka.

Mtoto hakupona. Alifia hospitalini siku ile ile.

Alinieleza amekaa barazani, karibu na cherehani niliyokuwa nimeizima. Alilia mpaka akalowesha kanga. Mimi nililia pia, kwa mtoto nisiyemjua. Baadaye nilimuuliza kama haikuwa afadhali kutojua.

"Hapana," alisema. "Kwa kutojua, nilikuwa namzika kila siku. Sasa nimemzika mara moja."

Siku hiyo alilala kuanzia jioni hadi asubuhi, na watoto nikawaziba midomo kwa mkate.

Uchunguzi wa kazini nao ulifanyika. Mke wangu alipewa onyo la maandishi, kwa sababu kosa lilikuwa kosa na mtu aliumia. Hakulipinga. Lakini mkuu wa chumba cha simu naye aliulizwa kwa nini mtu mmoja alifanya kazi ya wawili siku tisa. Alijibu kwamba Mama Pacha hakulalamika. Mshauri akamwambia mbele ya wakubwa wote, "Punda naye halalamiki, mpaka siku anapolala barabarani na mzigo."

Halafu mshauri akawaita watumishi raia wote kwenye ukumbi wa kituo. Ilikuwa mara ya kwanza. Mke wangu alikuwapo, naye ndiye aliyenisimulia. Mshauri aliuliza, "Nani hapa amelala vizuri wiki hii? Anyooshe mkono."

Walikuwa watu ishirini na sita. Hakuna mkono ulionyooka.

Karani anayepanga picha za ajali alisema hawezi tena kula nyama. Mchapaji wa maelezo ya mashahidi alisema anaandika mambo waliyofanyiwa watoto, kisha anarudi kuogesha wa kwake. Mwisho akasimama mfagizi. Ni mama mtu mzima, mpole, ambaye wote walidhani hajui hata kukasirika.

"Mimi naosha magari ya doria," alisema. "Damu ya watu naiosha mimi. Miaka kumi na moja. Leo ndiyo mara ya kwanza mtu ananiuliza kama nalala."

Alikaa. Mke wangu anasema hata mkuu wa chumba cha simu alitoa kitambaa cha mkononi.

Mambo yakabadilika, si yote, lakini mengi. Kibao kikang'olewa, kikawekwa kinachosema Huduma kwa Watumishi Wote. Simu ikiwa nzito, aliyeipokea anatoka kwenye kiti dakika kumi, anatembea, anakunywa maji, mwenzake anashika. Hakuna anayezidisha siku tano bila mapumziko. Anayetaka kujua mwisho wa simu aliyoipokea, anaruhusiwa kuuliza. Na anwani inasomwa na mtu wa pili kabla gari halijaondoka.

Muda wote huo mke wangu alikuwa likizo ya mwezi mmoja. Zilipobaki siku tatu likizo iishe, akaniambia hawezi kurudi. "Ile sauti ya yule mama mwenye duka naisikia kila nikifikiria kile kiti. Lazima nimwone. Akinifukuza, basi, na kazi naiacha."

Aliomba ruhusa kazini, akapewa. Yule mama aliulizwa, akakubali. Tulikwenda wote wawili.

Mwenye duka alikuwa ameketi nyuma ya meza yake, kati ya madaftari na kalamu. Mkono wake wa kulia ulikuwa umefungwa plasta kutoka kiganjani hadi begani.

"Shikamoo, mama," alisema mke wangu.

Yule mama alishika ukingo wa meza. Hatukuwa tumejitambulisha.

"Sauti yako naijua," alisema. "Uliniambia nifungue."

"Ndiyo, mama. Nilikuambia."

"Nilikuwa nimeegemeza kabati mlangoni. Nililiondoa mwenyewe, nikifurahi. Unasikia? Nikifurahi, kwa sababu ulisema askari wamefika."

Mke wangu hakujitetea. Alisema, "Nimekuja kukuomba msamaha. Kosa ni langu."

"Sijui kama nimekusamehe. Asubuhi nyingine naona nimesamehe. Nikijaribu kufunga kilemba kwa mkono mmoja, naona bado." Akasukuma kalamu pembeni. "Sasa mmebadilisha nini huko? Au umekuja kulia tu?"

Mke wangu alimweleza yote. Alimweleza kuhusu anwani kusomwa na watu wawili. Alimweleza kwamba siku hizi hakuna anayeambiwa afungue mpaka yeye mwenyewe awaone askari kwa dirisha. Alimweleza kuhusu zile siku tisa na kukosa usingizi, lakini akaongeza, "Sisemi hivyo ili nijitoe, mama."

"Kwa nini hukuwaambia wakubwa wako kwamba umechoka?"

"Niliogopa wataona siiwezi kazi."

"Na wewe," yule mama alinigeukia, "ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa nashona," nilisema.

Alituangalia mmoja mmoja. Mteja aliingia, akataka rula, akauziwa, akatoka. Yule mama alihangaika kufunga droo kwa mkono wa kushoto. Mke wangu akasogea, akasita, kisha akaifunga. Hakukatazwa.

"Siku hizi unalala?"

"Nalala, mama. Si kila siku. Lakini nyingi."

"Unarudi kazini lini?"

"Jumatatu. Kama nitaweza."

"Utaweza," alisema yule mama. Hakuwa anatabasamu. "Yule mwanamume yuko rumande, lakini ipo siku atatoka. Siku hiyo nitapiga simu tena. Nataka anayepokea awe ni mtu anayejua kilichonipata, na awe amelala."

Mke wangu alisema, "Sawa, mama."

Jumatatu alirudi kwenye kiti chake. Alikuwa amelala usingizi wa saa nane nzima.